Mbumbumbu Wangu wa Darasa la Sita

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Nimeujua mtihani! Miaka miwili nimehangaika bure, kumbe siri yenyewe imekaa dirishani kwa karani.

Mwaka juzi niliweka weusi kwenye C kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho. Mwuza viatu mmoja, mtu wa heshima zake, aliniambia watunga mitihani huogopa kingo na hujificha katikati. Nikafeli. Mwaka jana nikapanda na kushuka: A, B, C, D, C, B, A. Karatasi ilipendeza sana kuitazama. Mashine iliyosahihisha haikupendezwa. Nikafeli tena, na mtu wa miaka hamsini na moja akifeli mtihani wa kuingilia chuo kikuu, hana mama wa kumlilia.

Leo nimepanda mlimani, chuoni, kuuliza tarehe ya mwaka huu. Karani, binti mpole mwenye miwani, akanieleza kwamba kozi ya historia ina nafasi kumi na tano tu kwa sisi watu wazima tusiopitia njia ya vijana. Akasema hawatazami umepata ngapi peke yake, wanatazama umekuwa wa ngapi. Aliendelea kueleza na mambo mengine, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kushuka ngazi.

Umekuwa wa ngapi! Huo mchezo naujua kuliko profesa yeyote. Ninauza makoti sokoni Owino mwaka wa ishirini na nne huu. Koti la kati ukilitundika pamoja na makoti mazuri, hakuna anayeligusa. Litundike kati ya matambara, mteja analirukia na kulikumbatia, akidhani mimi Taban sijui mali yangu. Koti ni lile lile. Waliobadilika ni majirani zake.

Basi sihitaji kusoma zaidi. Nahitaji majirani.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimezungumza na mke wangu Maimunah. Au tuseme, Maimunah amezungumza nami. Amesema kila mwaka mimi naenda kwenye mitihani na yeye anabaki na makoti, na mgongo wake si wa chuma. Mwaka huu ndio wa mwisho. Nikikosa, narudi kwenye meza yangu, na habari za chuo zisisikike tena nyumba hii. Nimekubali. Ningefanyaje? Alikuwa ameshika mwiko.

Hajui, au anajua na ananyamaza, kwamba si mimi ninayetaka kwenda. Ni marehemu baba. Alikuwa sajini, dereva wa malori ya jeshi. Siku za likizo alinipandisha mbele, na kila tukifika mahali ambapo mnara wa chuo unaonekana alipunguza mwendo, hata kama nyuma wanajeshi walipiga bodi wakitaka kufika. Hakuwa mtu wa hotuba. "Pale," alisema. "Wewe utakaa pale." Watu walituona sisi Wanubi ni watu wa ngoma, bunduki na biashara, tukishindwa hayo tunasuka mikeka. Baba aliona mnara. Amekufa akiwa bado anapunguza mwendo, na mimi nikipita pale mpaka leo nageuza shingo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Swali la leo: nani mjinga kabisa ninayemfahamu?

Nimefikiria asubuhi nzima, wateja wawili wamejihudumia na mmoja amejihudumia kupita kiasi. Wenzangu wa Owino siwaamini, wanaweza kuwa na akili za kujificha. Nataka watu ambao ujinga wao niliushuhudia, ukasomwa mbele ya watu. Jibu lilinijia nikiwa napiga pasi kola: darasa la sita, 1985, shule ya watoto wa kambi ya jeshi kule Makindye!

Ee Mola, shule ile. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyofungwa kwenye mti, na aliyeigonga alikuwa koplo mwenye mkono mmoja, basi iligongwa kwa hasira. Uji ulikuwa na moshi. Tulisema Kiswahili cha baba zetu, cha amri na matusi, na Mwalimu Ondiek alikisafisha kila asubuhi kabla hajaanza hesabu. Mwisho wa muhula alisoma nafasi kuanzia chini. Jina la kwanza kusomwa lilikuwa Adoch, kila muhula, bila kukosa. Baada yake Ocaya, ambaye mara nyingi hakulisikia kwa sababu alikuwa amelala. Kisha msururu mrefu. Juu kabisa ndipo alipotua: Taban, wa pili. Opoka, wa kwanza.

Opoka. Ni polisi mstaafu sasa, anakaa nyuma ya nyumba yangu, na miaka arobaini baadaye bado ananiita Namba Mbili mbele ya watu. Huyu asijue kitu! Mtu wa kwanza hatundikwi karibu na koti langu.

Jumatano, 8 Oktoba

Kutafuta mbumbumbu si kazi rahisi kama watu wanavyodhani.

Nilianza na Lawrence, aliyekosea kuandika jina lake mwenyewe mpaka darasa la tano. Dada yake amenipokea vizuri, amenipa maji, akanionyesha kaburi. Miaka kumi sasa. Bienfait, mtoto wa fundi redio, hakuna ajuaye alikokwenda. Jafar yuko Juba na ana malori matatu. Nilitoka nyumbani kutafuta wajinga, nikarudi na marehemu, watoro na tajiri mmoja. Njiani nikajikuta nayataja majina ya darasa zima kwa mpangilio wa madawati, dirishani kwenda mlangoni, na nikashangaa kwamba sikuruka hata moja.

Lakini Ocaya nimempata! Ni askari wa geti Lubaga, kwenye nyumba moja kubwa chini ya kanisa. Mtu aliyelala darasani miaka sita sasa analipwa kwa kukesha. Nikafikiri: hili tambara ni la daraja la kwanza. Alinitambua kwa masikio yangu, alisema hayajapungua.

Nikamwambia njoo tufanye mtihani wa watu wazima, tuchague historia, tukae tena dawati moja. Cheti cha kidato cha nne anacho, alikipata Lira kwa taabu. Akaegemea geti. Kisha akauliza kwa nini nimemfikiria yeye, katika watu wote. Nikasema nimewakumbuka wenzangu. Ilikuwa kweli, ndilo lililoniudhi. Ocaya akajifuta macho kwa mkono wa sare. Nilijisikia vibaya mpaka kwenye stendi ya boda, kisha nikapona.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ocaya ndiye aliyenielekeza kwa Adoch. Na yuko wapi? Owino! Upande wa chini, anauza odii, ile siagi ya njugu na simsim. Miaka yote hii tumenyeshewa na mvua moja. Huenda nimeshapanga naye foleni ya choo.

Baada ya sala nikashuka. Nilimwona kabla hajaniona, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha bluu, na nikakumbuka mara ya mwisho nilipomwona. Januari 1986. Serikali imeanguka, familia za askari wa kaskazini zinapanda malori usiku haujaisha vizuri, magodoro, kuku, sufuria. Sisi Wanubi tulisimama pembeni, hatujui kama zamu yetu inakuja. Adoch alikuwa juu ya mzigo amekumbatia begi la shule. Ndani ya begi lile mlikuwa na rula yangu. Darasa la saba hatukulisoma pamoja. Mtihani wake kila mtu aliufanyia kwake, kama mtu anayekula daku peke yake.

Kwa hiyo neno langu la kwanza, baada ya miaka arobaini, lilikuwa: rula yangu iko wapi?

Adoch akanitazama. Akaweka kijiko chini. "Wewe Taban, hiyo rula ilivunjika Karuma," akasema. "Nilifungia nayo mkono ya dada yangu mdogo, ilikuwa imevunjika njiani. Mkono ilipona."

Nikasema basi haina shida. Nikasimama pale kama mpumbavu, wateja wananisukuma. Kisha nikamweleza mtihani. Alicheka mpaka akashika meza. Akauliza, mimi ni mzima kweli? Yeye, wa mwisho wa milele? Nikasema mtihani huu ni mpya, wa mwisho hajulikani bado. Cheti kama cha Ocaya naye anacho, cha Gulu. Akauliza vitabu vinapatikana wapi.

Vitabu! Nikamwambia asijisumbue.

Jumapili, 12 Oktoba

Mkutano wa kwanza, barazani kwangu. Lengo halikuwa kusoma. Lengo ni kuwapasha moto wasije wakajitoa kabla ya siku yenyewe. Tumejaza fomu zetu pamoja, wote historia. Nilimwomba Maimunah apike gurusa, zile chapati zetu nyembamba, na mchuzi mzito wa bamia kavu, nikijua mtu akila vile anataka mkeka tu.

Mpango haukwenda vizuri. Adoch alionja, akaacha kutafuna. Akasema huu ndio mchuzi wa mama yake Taban. Kumbe siku ambazo kwao hakukupikwa, mama alimwita dirishani na kumpa bakuli, na mimi sikujua! Nyumba ile ile nimelala, sikujua. Adoch akamlilia mama yangu kidogo, Maimunah akamsaidia, mimi nikaenda kuangalia kama geti limefungwa. Lilikuwa limefungwa.

Basi badala ya kulala, wakachangamka. Ocaya akaanzisha jedwali la kuzidisha kwa ule wimbo wa Mwalimu Ondiek, na mikono ya kupiga meza kwenye saba mara nane. Tuliimba mpaka kumi na mbili. Sijacheka hivyo tangu harusi yangu, na pale nilicheka kwa woga. Wajinga wangu wazuri!

Tulipiga kelele mno. Kichwa kikatokea juu ya ukuta wa nyuma. Opoka. Akauliza Namba Mbili ana shughuli gani, na mbona hakualikwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Balaa. Opoka amekuja na ubao.

Ubao halisi, mweusi, na boksi la chaki! Akasema yeye shahada haitaki, vyeo vimemtosha, lakini amekaa nyumbani mwaka wa tatu akihesabu magari yanayopita, na akisikia jedwali la Mwalimu Ondiek damu inamwendea mbio. Atatufundisha bure. Adoch akapiga vigelegele. Mimi nikasema tusimsumbue mzee. Akanikumbusha kwamba ananizidi miezi minne.

Amefundisha asilimia kwa saa mbili. Anafundisha vizuri, mshenzi huyu. Haharakishi. Ocaya alipokosea hakumcheka, akamwuliza alikuwa anafikiria nini, na Ocaya akaeleza, na wakafika. Nami nilikuwepo, sikatai, lakini sikusikia asilimia hata moja. Nilikuwa natazama nyuso za wenzangu, naona mwanga unaingia mahali ambapo mimi nilihitaji giza. Mtu ananipigia pasi matambara yangu mbele ya macho yangu!

Katikati Ocaya akasema jambo. Akasema darasani alikuwa analala kwa sababu nyumbani, kwenye kile kibanda cha mabati cha duara, walikuwa watu kumi na moja, na yeye zamu yake ya kitanda ilikuwa mchana. Opoka akaweka chaki chini. Miaka sita tulimcheka mtoto aliyekuwa akisubiri zamu.

Jumapili, 26 Oktoba

Leo nimemtega Opoka. Jana nilimpigia simu, nikamwambia masomo yamehamia Lubaga, getini kwa Ocaya, kwa kuwa Ocaya yuko zamu. Ocaya hakuwa zamu. Opoka angefika, akute geti na mbwa, arudi amekasirika na asije tena. Safi kabisa.

Ila Opoka ni mtu wa utaratibu. Akawapigia wengine kuhakikisha. Ocaya, kwa kuona aibu kwamba mwalimu anakuja kwake naye hayupo, akabadilishana zamu na mwenzake. Adoch akaupitia ubao kwa Opoka na kupanda nao boda. Mwenye nyumba akawatolea viti na kivuli cha varanda, na inasemekana aliketi mwenyewe kusikiliza.

Mimi nilibaki nyumbani na gurusa za watu watano. Maimunah akauliza wageni wako wapi. Nikasema wamepata dharura. Akazihesabu gurusa, akaenda kulala. Nilikula peke yangu, na baraza ilikuwa kubwa kupita kawaida.

Jumanne, 4 Novemba

Zulaikha amekuja kutusalimia. Binti yangu huyu anafanya kazi za kompyuta mjini, ana subira ya mama yake bila mwiko. Nikajivunia kwake, nikamweleza mpango wote: matambara, koti la kati, wa ngapi. Hakucheka. Akatoa simu, akasoma masharti ya mtihani ule kuanzia juu, yale ambayo nilimwachia karani dirishani.

Akasema kwanza kuna hamsini. Asiyefika hamsini anaondolewa, kama vile hakuingia chumbani kabisa. Waliobaki ndio wanaopangwa wa kwanza, wa pili, mpaka nafasi ziishe. Kwa hiyo mjinga akifeli hanisaidii kitu. Na asipofeli, anaweza kukaa juu yangu.

Nikamwambia hajawahi kuuza koti maishani mwake.

"Baba," akasema, "hayo matambara yanatolewa dukani kabla mteja hajaingia."

Nimeketi na sentensi hiyo mpaka chai ikapoa. Inawezekana ni kweli. Sisemi ni kweli, nasema inawezekana. Kama ni kweli, basi dawa ni moja: niwaombe wabadilishe kozi. Adoch achukue biashara, Ocaya achukue hata ufugaji wa nyuki, historia waniachie mimi na marehemu baba. Nikamwuliza Zulaikha mabadiliko yanafanyika wapi. Akasogeza kidole kwenye simu. Yamefungwa Ijumaa iliyopita.

Ijumaa, 21 Novemba

Kesho ndiyo kesho, siku ya mtihani. Leo nilishuka upande wa chini wa Owino na uamuzi mgumu moyoni: kumwomba Adoch asije. Nilitunga maneno tangu alfajiri. Ningesema umri wetu huu, presha, jua la mlimani, watoto wadogo watatucheka. Ningesema kwa upole. Akiondoka yeye, Ocaya naye hataenda peke yake.

Nilimkuta amefunga meza mapema. Gauni jipya limetundikwa kwenye msumari, limefunikwa nailoni. Binti yake Laker amewatangazia wauzaji wa mstari mzima, na kila mmoja alikuwa na ushauri. Mmoja alisema asile mayai.

Nikaanza. Nikasema Adoch, sikiliza, umri wetu huu.

Akanishika mkono. Mikono yake ina mafuta ya simsim, haitoki hata akiosha. "Taban, mimi nilikuwa ya mwisho siku zote," akasema. "Huko kambini, huko Gulu, hata kwa mume wangu nilikuwa ya tatu. Watu wanapita hapa wananunua, hakuna mtu aliwahi kuja kunitafuta mimi. Wewe ulikuja. Kama nimefeli kesho, si kitu. Nilitafutwa."

Nifanye nini na mwanamke kama huyo? Nilikuwa na hotuba nzima. Nikamwambia asisahau penseli ya kuchongwa vizuri, na aweke weusi mpaka mwisho wa duara. Kisha nikapanda juu kwa makoti yangu, nikamfokea mteja asiye na hatia.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumefanya.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, madawati mojamoja, na harufu ya sakafu iliyopigwa mafuta. Harufu hiyo! Ilinichukua moja kwa moja mpaka Makindye, nikawa na magoti yenye vumbi. Nilipoteza dakika za kwanza nikiwa mtoto.

Sehemu ya asilimia ilikuja. Ilikuwa ya Opoka tupu! Nikakumbuka shati lake, chaki sikioni, jinsi alivyokohoa. Hesabu yenyewe sikuikumbuka. Sehemu ya mantiki nilikwenda vizuri, mtu aliyebishana na wateja miaka ishirini na minne hashindwi na mantiki. Habari za dunia, wastani. Mara kwa mara niligeuka kutazama kama Ocaya amelala. Hakulala. Aliinama kama mtu anayechimba. Msimamizi alinionya mara mbili niache kutazama wenzangu. Nilitaka kumweleza kwamba sinakili, nahesabu hasara yangu.

Insha: eleza mahali palipokulea. Waliomba ukurasa mmoja. Niliandika mitatu, na koplo wa mkono mmoja bado hajagonga kengele.

Tukatoka, tukaketi kwenye nyasi chini ya mnara. Opoka alikuwa ametusubiri na soda nne na mandazi, amevaa tai. Adoch alivua viatu. Tulipitia maswali, tukabishana, tukamwiga Mwalimu Ondiek akipiga chafya. Jua lilikuwa zuri. Nikatazama mnara juu yangu, karibu kiasi cha kuugusa, na nikasema moyoni, baba, tumepunguza mwendo na tumeteremka kabisa.

Naandika wazi, hakuna anayesoma: sikujali kitu. Kwa saa nzima sikujali nani atakuwa wa ngapi.

Jumatano, 17 Desemba

Nimejali.

Majibu yamebandikwa ukutani asubuhi. Tulikwenda wote wanne. Opoka alisoma kwa sauti kwa sababu miwani yake ndiyo iliyokuwa mizima, na alisoma kuanzia juu, kinyume cha Mwalimu Ondiek.

Wa tisa, Adoch. Alikaa chini pale pale, kwenye saruji, na gauni lake jipya. Wa kumi na nne, Ocaya. Alivua kofia, akaishika kifuani kama mtu anayepitiwa na bendera. Wa kumi na tano, mtu wa Mbale. Mstari. Chini ya mstari, wa kumi na sita, mtu mwingine. Wa kumi na saba, Taban.

Nimepata sitini na moja! Nimefaulu! Nimevuka hamsini yao kwa kishindo, kwa mara ya kwanza maishani. Na nafasi ni kumi na tano. Nikafanya hesabu pale pale, na safari hii hesabu ilikuja yenyewe bila Opoka. Kumi na saba, toa Adoch, toa Ocaya. Kumi na tano.

Nilimsubiri Opoka aseme. Namba Kumi na Saba, nilikuwa nimeshaisikia kabla hajafungua mdomo. Lakini alivua miwani, akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote.

"Bila wewe, Taban," akasema, "hakuna hata mmoja wao angekuwa pale leo."

Ni kweli. Na bila mimi, mimi ningekuwa pale leo. Hilo sikulisema. Adoch alikuwa amenyoosha mikono kutoka chini, anataka nimwinue, nikamwinua. Ni mzito. Alilia shingoni kwangu na mimi nililia pia, na nikitafuta ndani nani hasa ninamlilia, baba, au nafasi yangu, au msichana juu ya lori, sikuweza kuwatenganisha.

Njiani tulipita mahali pale ambapo mnara unaonekana. Sikugeuza shingo.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimerudi Owino. Ahadi ni ahadi. Maimunah hakunisimanga, na hiyo ni mbaya zaidi. Alinifungia gurusa kwenye kitambaa kama mtoto anayekwenda shule, akasema mgongo wake unanishukuru.

Mchana Adoch na Ocaya wakaja na jogoo. Wanaanza masomo karibuni. Ocaya ameomba zamu zake zote ziwe za usiku, na alisema atalala lini sasa, akacheka mwenyewe. Wameniahidi kuniletea daftari zao kila Jumapili ili tusome pamoja barazani. Nimefurahi kweli. Jogoo anaitwa Ondiek, hatachinjwa.

Walipoondoka nikakaa na kufikiri kwa utulivu, mtu mzima, bila hasira. Kosa lilikuwa wapi? Zulaikha atasema kosa ni mpango wenyewe. Zulaikha hajawahi kuuza koti. Mpango ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa mali! Niliwachagua kwa daraja la mwaka 1985. Hakuna mfanyabiashara anayenunua kwa lebo ya miaka arobaini. Nguo hubadilika. Waliokuwa matambara wamekuwa makoti, nimeona kwa macho yangu, imebandikwa ukutani. Na kama hilo ni kweli, basi upande wa pili nao lazima uwe kweli: waliokuwa makoti sasa ni matambara. Haiwezi kuwa vinginevyo, ni mantiki, na mantiki nilifanya vizuri.

Maimunah sijamwambia kwamba nitaujaribu tena. Mwaka mpya haujaanza, na yeye alisema habari za chuo, hakusema habari za mtihani.

Jioni nilikwenda nyuma kwa Opoka. Nikamkuta na ubao, anaufuta polepole, hana wanafunzi. Nikamwambia ajiandikishe mwakani, historia, tukae dawati moja. Alikubali kabla sijamaliza kusema, na macho yake yakajaa maji. Maskini, hajui kitu.